Damu Mbaya: Wagonjwa wa Tuskegee na Gazeti Lililowaambia Ukweli



Kila Jumapili baada ya Misa ni kazi yangu kusoma matangazo. Nasoma majina ya wachumba, nasoma zamu ya kufagia kanisa, tena mara nyingi nasoma tangazo la dispensari: kesho waganga watafika, akina mama walete watoto, wazee wenye kisukari na wenye damu inayopanda waje kupimwa. Watu husikia, na kesho yake huenda. Hawaendi kwa sababu wanamjua mganga. Huenda kwa sababu tangazo limesomwa kanisani, na mtu aliyelisoma ni mtu wao. Jambo hili limenikaa moyoni tangu niliposoma habari za wilaya ya Macon, katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Huko nako matangazo ya waganga yalisomwa makanisani, na watu wakaenda. Wengine walikwenda kwa muda wa miaka 40, wala hawakutibiwa.

Mji mkuu wa wilaya ya Macon unaitwa Tuskegee. Watu wengi wa wilaya ile walikuwa weusi, wana na wajukuu wa watumwa. Walilima pamba katika mashamba ya wengine, wakagawana mavuno na mwenye shamba. Ikifika mwisho wa mwaka, deni la mbegu na chakula limekwisha kula fungu lao. Wengi hawakupata kujua kusoma. Kumwona mganga kulitaka fedha, na fedha hawakuwa nazo. Basi mwaka wa 1929 mfuko ulioanzishwa na tajiri mmoja wa Chicago, Julius Rosenwald, ulianza kutoa fedha ili watu weusi wa wilaya sita za kusini wapimwe kaswende na kutibiwa. Macon ilikuwa mojawapo. Kati ya watu waliopimwa huko, zaidi ya mmoja katika kila watatu alionekana ana ugonjwa ule. Lakini ulimwengu ulikuwa umeingia katika shida kubwa ya fedha; mfuko ukapunguza mkono, na mwaka wa 1932 matibabu yakakoma, wagonjwa wakiwa bado wengi.

Hapo mganga mmoja mkubwa wa Idara ya Afya ya Umma ya Marekani, Taliaferro Clark, alipata shauri. Alisema moyoni mwake: wagonjwa hawa hawana matibabu, wala hawatayapata, basi tuwaangalie, tujifunze ugonjwa huu hufanya nini katika mwili wa mtu asiyetibiwa. Alikusudia kazi ya miezi michache tu. Aliyeshika nafasi yake mwaka wa 1933, Raymond Vonderlehr, aliona ni hasara kuacha. Akataka wagonjwa wafuatwe mpaka kufa, na baada ya kufa maiti zipasuliwe ili waganga waone ndani. Hivyo kazi ya miezi michache ikawa ya miaka 40.

Wanaume kama 600 waliandikwa, wote weusi: 399 wenye kaswende, na 201 wasio nayo ili wapate kulinganishwa. Hakuna aliyeambiwa jina la ugonjwa wake. Waliambiwa kwamba wana «damu mbaya». Neno hilo lilikuwa la kwao wenyewe, nalo lilibeba mambo mengi: uchovu, upungufu wa damu, maumivu ya viungo, hata kaswende. Kwa kuja kupimwa walipata kupandishwa motokari, kula chakula cha moto siku ile, kupewa vidonge vya maumivu na dawa ya kuongeza nguvu, na tena kuahidiwa fedha za mazishi. Ahadi hii ya mwisho tusiione ndogo. Kwa maskini wa Alabama, sawa na kwa maskini wa kwetu, kuzikwa vema ni jambo kubwa. Fedha za mazishi zilitolewa na mfuko mwingine, Milbank Memorial Fund wa New York, kwa sharti hili: jamaa wakubali maiti ipasuliwe kwanza.

Hapa nisimame kidogo, maana liko kosa linalorudiwa sana. Wengi husimulia kwamba waganga waliwatia watu wale ugonjwa kwa sindano. Si kweli. Walikuwa nao tayari. Wanaolisimulia vile wanadhani wanaongeza ubaya wa jambo, kumbe wanatuficha ubaya wenyewe. Mtu akimtia mwenzake sumu, sote tunaona mkono wake. Lakini waganga wa Macon hawakutia kitu. Waliacha tu, na kuacha hakuna mkono unaoonekana.

Na ugonjwa wenyewe ulisaidia kuficha. Kaswende si kama kipindupindu kiuacho kwa siku mbili. Huanza na kidonda kisichouma, kidonda kikapona chenyewe, baadaye vipele, navyo vikatoweka, kisha kimya. Mtu anaweza kukaa miaka 10 au 20 akilima na kuzaa, naye hajui kwamba kijidudu kimo ndani. Kwa wengine kimya hicho hakiishi mpaka wanakufa kwa sababu nyingine. Kwa wengine ugonjwa hurudi na kula mshipa mkubwa wa moyo, au macho, au ubongo, mtu akarukwa na akili. Basi, mgonjwa wa namna hii akiachwa, ameachwa siku gani? Hakuna siku moja ambayo unaweza kusema: leo mganga amemwua. Madhara yamegawanyika katika maelfu ya siku, na kila siku kipande chake ni kidogo kiasi cha kuweza kusamehewa. Naona hii ndiyo hali ya wagonjwa wote wa muda mrefu. Mwenye kuvunjika mguu leo, wote humkimbilia. Mwenye kisukari cha miaka 12, au mtoto wa SS ambaye mifupa yake huuma kila msimu wa baridi, huyo tumekwisha mzoea. Akikosa kuja kuchukua dawa mwezi mmoja, nani huuliza?

Mwaka wa 1933 waganga walitaka kujua kama ugonjwa umefika katika ubongo na mishipa ya fahamu. Njia yake ni kuchoma sindano ndefu mgongoni na kuvuta maji ya uti wa mgongo. Inauma, na kichwa huweza kugonga siku kadhaa baadaye. Waliogopa watu watakataa, kwa hiyo waliwaandikia barua na kuwaambia kwamba hii ni matibabu ya pekee, ya bure, na kwamba nafasi hii ya mwisho isiwapite. Watu wakaja. Msomaji wa kwetu ataelewa upesi kwa nini walikuja. Wazee wetu, wakati wa Wabelgiji, waliona buba ikikauka kwa sindano katika siku chache, na tangu hapo katika vijiji vingi mtu hakuona kwamba ametibiwa mpaka achomwe. Sindano ilikuwa imepata jina jema. Huko Alabama vilevile, walijua kwamba mganga akichoma, anaingiza dawa. Hawakufikiri kwamba iko sindano inayotoa tu.

Yupo mtu mmoja katika habari hii ambaye nimeshindwa kumhukumu. Ni mwuguzi Eunice Rivers, mwanamke mweusi, aliyesoma palepale Tuskegee. Waganga wa serikali walikuja na kwenda, wakabadilishana kila baada ya miaka michache. Bibi Rivers alikaa tangu mwanzo karibu mpaka mwisho. Ndiye aliyewajua wanaume wale kwa majina, na wake zao, na watoto wao. Aliwafuata na motokari mpaka kwenye njia za tope, akawapeleka kupimwa, wakicheka pamoja njiani. Wakiugua aliwatembelea. Wakifa, yeye ndiye aliyekaa na wajane, akawaomba ruhusa ya kupasua maiti, nao karibu wote walikubali kwa sababu ni yeye aliyeomba. Walimpenda, na inaonekana naye aliwapenda. Alijua kwamba hawatibiwi. Pengine aliona kwamba utunzaji kidogo ni bora kuliko hakuna. Pengine alifundishwa, kama wauguzi wote wa wakati ule, kwamba amri ya mganga haiulizwi. Waliokuwa wakubwa wa chuo cha Tuskegee Institute, weusi vilevile, walitoa hospitali yao itumiwe. Basi wale wanaotaka habari hii iwe ya weupe waovu na weusi wema tu, haiwatoshi. Mlango wa nyumba ya maskini hufunguliwa na mtu anayemwamini.

Mwanzoni, watetezi wa kazi ile waliweza kusema kwamba matibabu yenyewe hayakuwa na faida kubwa. Dawa za wakati ule, za arseniki na zebaki, zilidai sindano nyingi kwa muda wa zaidi ya mwaka, na zenyewe zilikuwa na hatari. Lakini mwaka wa 1943 waganga wa Marekani walionyesha kwamba penisilini huua kijidudu cha kaswende, na kufika mwaka wa 1947 ndiyo iliyokuwa dawa ya kawaida ya ugonjwa ule. Serikali ilifungua vituo vya kuwatibu watu upesi. Wanaume wa Macon hawakupelekwa. Tena si kwamba walisahauliwa, walizuiliwa. Waganga wa wilaya walipewa orodha ya majina yao, wasiwatibu kaswende. Wakati wa vita kuu ya pili, jeshi lilipowapima vijana na kuwaamuru wenye kaswende waende kutibiwa, orodha ilipelekwa hata huko, na majina ya watu wa Macon yakaondolewa. Jimbo la Alabama lenyewe lilikuwa na sheria ya mwaka 1943 iliyoagiza wenye magonjwa ya zinaa wapimwe na kutibiwa. Sheria ile haikuwahusu watu hawa, ingawa hakuna aliyeiandika hivyo.

Mwaka wa 1958 kila aliyebaki hai alipewa hati nzuri yenye sahihi ya mganga mkuu wa Marekani, kumshukuru kwa miaka 25 ya kushiriki, pamoja na dola 25. Dola moja kwa mwaka. Wengine waliitunza hati ile nyumbani kwa furaha.

Sasa nafika mahali palipo pagumu kwangu. Mwenye kusoma atadhani kwamba mambo haya yalifichwa kabatini miaka yote. Sivyo. Taarifa ya kwanza ilichapwa mwaka wa 1936 katika gazeti kubwa la waganga wa Marekani, na kichwa chake chenyewe kilitaja kaswende isiyotibiwa kwa wanaume weusi. Baadaye zilifuata nyingine, kila baada ya miaka michache, na majina ya waandishi chini yake. Ya mwaka wa 1955 ilisema kwamba, kati ya wagonjwa waliopasuliwa baada ya kufa, kama 30 kwa mia walikuwa wameuawa na kaswende yenyewe, iliyoharibu moyo na mishipa au ubongo. Maelfu ya waganga waliweza kusoma maneno hayo. Yalikuwa hadharani, lakini katika lugha ya watu wa kazi moja, ambayo mtu wa Macon hawezi kuisoma na mtu wa New York haisomi. Mle ndani mzee aliyeitwa kwa jina lake na Bibi Rivers alikuwa ni nambari katika safu.

Mmoja alisoma akashtuka. Mwaka wa 1965 mganga kijana wa magonjwa ya moyo, Irwin Schatz, aliwaandikia wenye kazi barua fupi, akisema hawezi kuamini kwamba waganga wanaangalia watu wenye ugonjwa wa kuua na dawa ipo. Hakujibiwa. Barua ilipoonekana baadaye katika mafaili, ilikuwa na maandishi ya mtu wa ofisi kwamba hii ni ya kwanza ya namna yake, na kwamba hakusudii kuijibu.

Mwisho wa mwaka uleule, Idara ya Afya iliandika kazini huko San Francisco kijana anayeitwa Peter Buxtun. Hakuwa mganga. Kazi yake ilikuwa kuwahoji wenye magonjwa ya zinaa, wamtajie watu waliokutana nao, ili nao watafutwe na kutibiwa. Alizaliwa Prague mwaka wa 1937, baba yake akiwa Myahudi, na wazazi walikimbilia Marekani naye akiwa bado mtoto mchanga, Wanazi walipokaribia. Siku moja, katika chumba wanamonywea kahawa, alisikia wenzake wakisimulia habari ya mzee wa Alabama aliyerukwa na akili. Jamaa zake walimpeleka kwa mganga asiyejua mambo ya Macon. Mganga akaona ni kaswende, akampiga penisilini kama ilivyo wajibu. Kumbe amefanya kosa! Alikemewa kwa sababu ameharibu mgonjwa wa uchunguzi.

Buxtun aliomba karatasi za kazi ile kutoka Atlanta, kilipo kituo cha serikali cha kuzuia magonjwa, nazo akaletewa bila shida. Neno hili linaonyesha jinsi wenye ofisi walivyokuwa na amani. Alizisoma, akaenda pia kusoma habari za waganga wa Kijerumani waliohukumiwa Nuremberg mwaka wa 1946 na 1947. Mwezi wa Novemba 1966 aliwaandikia wakubwa wake. Mwaka wa 1967 aliitwa Atlanta, akawekwa mbele ya meza kubwa, na mmoja wa waganga waliosimamia kazi ile, John Cutler, akamkaripia kama mtoto. Hakunyamaza. Mwezi wa Novemba 1968, miezi michache baada ya kuuawa Martin Luther King, aliandika tena, akawaambia kwamba wagonjwa wote ni weusi, nao wafikiri watu watalipokeaje jambo hili likijulikana. Mwezi wa Februari 1969 ofisi iliita mkutano wa wataalamu. Mmoja tu alisema wagonjwa watibiwe. Wengine waliona kazi iendelee. Mgonjwa hakualikwa, wala mtu wa kumsemea.

Hivi ndivyo ofisi inavyojibu barua: kwa mkutano. Buxtun alifuata njia zote za ndani ambazo mtumishi mwaminifu anapaswa kufuata, na mwisho wa kila njia alikuta meza ileile. Katika miaka hiyo aliacha kazi, akaenda kusoma sheria. Lakini karatasi alizishika.

Alikuwa na rafiki, Edith Lederer, mwandishi wa shirika la habari la Associated Press huko San Francisco. Mwaka wa 1972 alimsimulia. Masimulizi peke yake hayatoshi kuandika gazetini, kwa hiyo Bibi Lederer alitaka kuona karatasi, naye akampa. Aliona ni jambo linalohitaji mtu wa kulichimba, yeye bado alikuwa mgeni katika kazi. Akampelekea bahasha mwenzake, Jean Heller, mwenye miaka 29, ambaye wakati huo alikuwa Miami Beach kwa habari za mkutano mkuu wa chama cha Demokrati. Bibi Heller alikuwa mwanamke pekee katika kikundi cha waandishi wa shirika lile waliopewa kazi za uchunguzi.

Aliporudi Washington, alifanya nini? Hakupanda ukuta usiku, wala hakumhonga karani. Alikwenda maktaba. Akatafuta magazeti ya waganga, akakuta zile taarifa, moja baada ya nyingine, za miaka mingi, zikieleza maendeleo ya kazi bila hata neno moja la kuuliza kama ni haki. Akawapigia simu wenye ofisi, akauliza. Hawakukana. Wangekana nini, na majina yao yamechapwa? Kazi yake ilikuwa kuyatoa maneno katika lugha ya waganga na kuyatia katika lugha ya watu: serikali ya Marekani, kwa miaka 40, imewaacha wagonjwa wa kaswende bila dawa ili ione watakavyokufa. Tarehe 25 Julai 1972 habari ilitoka katika gazeti la Washington Star. Kesho yake ilikuwa katika ukurasa wa kwanza wa New York Times, na katika magazeti ya nchi nzima.

Wagonjwa kama 74 walikuwa bado hai. Walipata habari ya ugonjwa wao namna hiyohiyo, kwa gazeti na kwa watu wa gazeti. Mmoja wao, mkulima Charlie Pollard, aliyeheshimiwa sana katika kijiji chake, alikuwa amekwenda kupimwa miaka 40 akiamini kwamba anatunzwa. Siku chache baada ya gazeti kutoka alikwenda ofisini kwa Fred Gray, mwanasheria mweusi aliyemtetea Rosa Parks mwaka wa 1955 katika habari za mabasi ya Montgomery. Yaliyofuata yalikwenda mbio, kwa jinsi yalivyokuwa yamechelewa. Tume iliundwa, tarehe 16 Novemba 1972 kazi ikatangazwa kwamba imekoma. Mwanzoni mwa 1973 Seneta Edward Kennedy alifanya baraza la kusikiliza mashahidi. Buxtun alisema, Pollard naye alisema. Mashtaka ya Fred Gray yalimalizika mwaka wa 1974 kwa mapatano: serikali ilitoa dola milioni 10, na kila mgonjwa aliyekuwa bado hai alipata dola 37,500. Ikaahidi kuwatunza maisha yao yote, na mwaka wa 1975 wake na watoto walioambukizwa wakaongezwa. Mwaka wa 1974 bunge lilikwisha kupitisha sheria mpya: mganga anayetaka kuwachunguza watu kwa fedha za serikali sharti apeleke kwanza mpango wake mbele ya baraza, na watu wenyewe waelezwe na kukubali. Karatasi ya kukubali ambayo leo mtu hutiwa mkononi hata katika uchunguzi wa dawa hapa kwetu, mojawapo ya mizizi yake iko Macon.

Waliokufa kwa ugonjwa wenyewe ni wangapi? Wengine huhesabu 28, wengine hufika 100 na zaidi. Hesabu hazilingani kwa sababu ileile niliyoitaja: mgonjwa wa miaka 30 hufa na magonjwa mengi pamoja, na yule aliyeandika sababu ya kifo ndiye aliyekuwa akimwangalia tu.

Nimewasikia wengine wakilisifu gazeti kana kwamba liliwaokoa watu wa Macon. Sisemi hivyo. Kwa wengi lilifika wakiwa wamekwisha zikwa, na kati ya waliobaki wengi walikuwa wazee mno kwa dawa kurudisha kilicholiwa. Tena magazeti yalikuwapo Alabama miaka yote ile, hata Tuskegee yenyewe, wala hayakuona. Nao Bibi Lederer na Bibi Heller wasingekuwa na kitu bila mtu wa San Francisco aliyekataa kusahau mazungumzo ya kahawa. Ninachokiona mimi ni hiki tu: barua ya Schatz, barua mbili za Buxtun, taarifa za miaka 36, zote zilikwenda kwa watu waliokuwa na sababu ya kutulia. Habari ya Julai 1972 ndiyo ya kwanza iliyomfikia Charlie Pollard. Mgonjwa alipojua, mambo hayakuweza kubaki kama yalivyokuwa hata kwa miezi sita.

Tarehe 16 Mei 1997, Rais Clinton aliomba msamaha kwa jina la nchi yake. Wagonjwa wanane walikuwa bado hai. Watano walifika Ikulu, na mmoja wao, Herman Shaw, mwenye miaka 94, alizungumza mbele ya wageni. Wa mwisho, Ernest Hendon, alikufa mwezi wa Januari 2004. Peter Buxtun alikufa mwaka wa 2024, akiwa na miaka 86. Mfuko wa Milbank, uliolipia mazishi kwa sharti la kupasua, ulikaa kimya muda mrefu kuliko serikali. Mwezi wa Juni 2022 mkuu wake alikwenda Tuskegee kuomba msamaha kwa wajukuu.

Baadhi ya wanaume wale wamelala katika makaburi ya kanisa la Kibaptisti la Shiloh, huko Notasulga, mwendo mfupi kutoka Tuskegee. Ubavuni mwake iko shule ya mbao iliyojengwa kwa fedha za Rosenwald, yuleyule ambaye mfuko wake ulikuja kwanza na dawa. Ni pale pale, kanisani na shuleni, ambapo Bibi Rivers na waganga waliwakusanya watu.